Maryam Aliyenifundisha Slope Jikoni

Tangu asubuhi naandika, nafuta. Ati Maryam amefariki. Hata mkono unakataa kuliandika neno hilo.

Nimerudi jana usiku kutoka msibani Vitongoji. Macho yamevimba, mgongo unauma. Nimechoka, jamani. Lakini nisiposema leo, sitasema tena.

Wengi mnanijua kama Ticha Rukia. Hamjui kuwa niliacha skuli nikaolewa, na niliporudi kusoma nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Hesabu ndizo zilizonitoa machozi.

Maryam, rafiki yangu wa utotoni, alikuwa keshaajiriwa ofisini Chake Chake. Hata akiwa na deadline, akitoka kazini anapanda baskeli mpaka kwangu Ole.

Mimi napepeta mchele, yeye anachora grafu ya y = mx + c kwa mkaa sakafuni. "Ukienda mbele kidogo, unapanda kiasi gani? Hiyo ndiyo slope, shoga. Basi!"

Siku moja nikamwambia wenzangu wameshanipita, mimi nina mtoto mgongoni.

Akanijibu, "Hiyo ni c, pale unapoanzia. Kila mtu na c yake. Mimi nakuuliza m, hiyo slope. Unapanda vipi?"

Nikalia. Akamchukua mtoto, akanambia, "Haya, tafuta y."

Figo zilipoanza kumsumbua, akawa hana budi kwenda Unguja kusafishwa damu. Nikadhani masomo yamekwisha. Wapi! Voice note zikaja, pumzi fupi fupi: "Umesahau alama ya kutoa. Rudia."

Nikamsihi apumzike. "Nikikufundisha wewe ndiyo napumzika," akasema.

Nilifaulu. Nilipompigia simu tulilia wote wawili.

Miaka ikapita, mimi nikawa mwalimu, yeye akawa wa kwenda na kurudi Unguja. Safari hii hakurudi mzima.

Jana msibani, bintiye Salma, yuko Form One, akanijia kimya kimya na daftari. "Mama mdogo, nina homework ya linear equations. Mama alisema nikikwama nije kwako."

Ya Rabbi! Ndani watu wanasoma hitima, sisi tukajikalia uwani. Swali la kwanza nililikosea, sioni kwa machozi. Salma ndiye aliyenisahihisha. La pili tukalipata.

Akafuta uso kwa mtandio, akauliza, "La tatu je?"

Tukafanya na la tatu.

Maryam, shoga yangu, Salma atakuwa akija kwangu kila Ijumaa. Usiwe na wasiwasi naye. Mola akupanulie kaburi lako, alitie nuru.

Lala sasa, mwenzangu. Umechoka mno.