Nyumba ya Mashine Iliyojengwa Upesi

Mayu Eufrasia wa Dutwa, mayu kwetu ndiyo mama, hakuwa mtu wa kupiga magoti. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja wakaswaga ng'ombe wote, wakamwachia shamba la pamba na majembe mawili, naye hakulia mbele yao. Alilima. Ruksa ya biashara huria ilipokuja na wanunuzi binafsi wakaanza kugombea pamba yetu, aliuza misimu kadhaa bila kujinunulia hata kitenge, akaleta mashine ya kusaga nafaka, injini ya dizeli na mkanda wake. Wakati huo mashine ya ushirika ilikuwa imekufa, kuku wanatagia mayai humo.

"Hii hakuna shemeji atakayeiswaga," alisema. Tangu hapo karibu kila ugali ulioliwa Dutwa ulipitia mikononi mwake.

Kisha zikaja mvua za Elinino. Anayezikumbuka hahitaji kuelezwa. Asubuhi moja nyumba ya mashine, ya matofali mabichi, ilidondoka juu ya injini. Eufrasia akapiga yowe. Kwetu yowe likipigwa huulizi ni la nini, unakimbia na ulichonacho mkononi. Tulifika wengi, tukaifukua injini, imejaa tope hadi ndani.

Kodi ya mwaka ule ilikuwa imekaribia. Sylvester, mtendaji wa kata, alitangaza gulioni kwamba waliopatwa na maafa watasogezewa muda wa kulipa mpaka pamba iuzwe, ila afisa wa kodi atakuja kwanza kuona hasara kwa macho yake. Eufrasia alishusha pumzi. Mpaka pamba iuzwe! Angeita fundi, angesaga tena, angelipa. Asiyelipa na asiyesogezewa muda, mali yake ingebebwa, na yeye mali yake ilikuwa ile moja.

Hapo ndipo wema wetu ulipoingia. Mahona, kiongozi wa kikundi chetu cha kulimiana, alifika na watu, fito na kamba.

"Ngojeni kwanza, baba," Eufrasia alimwambia. "Huyo afisa aone."

"Mayu, mgeni akute nyumba imelala chini? Atasema Dutwa hakuna watu."

Ukiwarudisha watu waliokuja kukusaidia na majembe yao, siku ya msiba wako utachimba kaburi mwenyewe. Alikwenda kuchota maji ya kukandia udongo. Tulijenga kwa nyimbo. Mabati tuliyanyoosha kwa mawe, wanawake wakasiriba kuta kwa udongo mweupe, nyumba ikapendeza kuliko ile ya zamani. Injini nayo tukaiosha ikang'aa. Ndani ilikuwa imekufa, lakini kwa nje, loo, ungedhani imetoka dukani jana.

Afisa akaja. Aliitwa Januarius, kijana mpole, suruali ameikunja kwa ajili ya tope. "Mwadila, mayu," alisalimia kwa heshima, akachinjiwa kuku. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu walikuwa hawajamwona.

"Nyumba iliyoanguka iko wapi?" aliuliza baada ya kunawa.

"Ndiyo hii," Mahona akajibu kwa fahari.

"Hii imesimama."

"Tumeisimamisha sisi!"

Januarius aliizunguka nyumba polepole. "Mama, mimi natakiwa kusema ninachokiona. Naona nyumba mpya na mashine safi."

"Haiwaki, ng'wana wane, mwanangu. Jaribu."

Alizungusha hendeli mpaka shati likaloa. Injini haikukohoa.

"Hii ni hitilafu, mama. Mitambo huharibika kila siku. Maafa ni kitu kingine. Ningekuta kifusi hapa, ningemaliza kwa neno moja."

Tukaanza kusema wote kwa pamoja. Tuliapa. Tulimwonyesha mahali maji yalipopita, pakiwa pamefagiwa vizuri. Nilimchukia yule kijana, na hadi leo nashindwa kusema alikosea wapi. Eufrasia hakumlaumu mtu. Hakumtazama hata Mahona, na hilo lilimuumiza Mahona kuliko tusi.

Muda haukusogezwa, na siku ya mwisho ya kulipa ikapita. Pikapu ikaja na mgambo, wakaikuta injini inawashinda uzito. Sylvester akaita wanaume, na wanaume wa Dutwa ni walewale. Nani angekataa mbele ya mgambo? Tukaingiza magogo chini yake, tukaisukuma hadi mlangoni, ikagoma. Tulikuwa tumejenga kuta injini ikiwa ndani, mlango ni wa kupita mtu na debe la mahindi tu. Ikabidi tuubomoe ukuta. Fito zilipokatwa, bati la upande ule likaanguka, na nyumba ikawa kama afisa alivyotaka kuiona.

Pikapu ilipoondoka tulibaki tumesimama, hakuna aliyethubutu kuaga. Nyuma ya nyumba ya kulala tukasikia mchi. Mayu Eufrasia alikuwa ameazima kinu cha mbao, anatwanga mahindi, jasho linamtiririka hadi shingoni. Mahona alikwenda kumpokea mchi, mayu akakataa kuuachia.

"Kaeni," alisema. "Watu wakifanya kazi kwangu hawaondoki na njaa."

Tukakaa. Ugali ulikuwa wa chengachenga, na tuliumaliza wote.