Mwaka Mmoja Bila Bi Mapema

Marehemu alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Mashine kubwa ya mashuka ilinguruma kutwa nzima kama lori lililokwama matopeni. Kabla ya kuanza kukamua ilinyamaza kidogo tu, kiasi cha mtu kupiga chafya. Mwenye neno alipaswa kulisema hapo hapo, haraka na kwa sauti, la sivyo alimeze. Mama yule alikuwa na maneno mengi. Akazoea kuwahi.

Tabia ikamfuata mpaka nje ya geti. Ukimsimulia kichekesho, anacheka kabla hujafika penyewe, unabaki na nusu yake mdomoni. Harusini alifika bibi harusi akiwa bado anaoga. Kanisani alitamka "Amina!" mchungaji akiwa ndiyo kwanza anawaombea wasafiri, na mchungaji, mtu wa haya, alijikuta anafunga sala huku wagonjwa na wajane hawajaguswa. Waumini wenye njaa walimpenda sana kwa hilo. Tukamwita Bi Mapema. Hata kufa aliwahi: daktari alikuwa bado anawaeleza wanawe kwamba wajiandae, kumbe mwenzao kashaondoka.

Lakini aliyeumia hasa ni mwalimu wa kwaya, mzee mnyoofu kuliko rula. Kila wimbo, Bi Mapema aliuingia kabla mkono wa mwalimu haujashuka. Mwalimu alimbembeleza, akamkemea, mwisho akamhamishia nyuma ya nguzo. Sauti ikatoka nyuma ya nguzo, mapema vile vile. Wanakwaya wakachoka kushindana naye, wakawa wanamfuata. Miaka ikapita hivyo, mwalimu akipunga mkono kama mtu anayeaga basi lililokwisha kuondoka.

Ulipotimia mwaka tangu mazishi, familia ikaandaa ibada ya kumkumbuka. Agizo lake lilijulikana: "Iwe ya furaha. Atakayelia atoke nje, akaanue nguo."

Kitinda mimba wake, msusi mwenye saluni karibu na stendi, ndiye aliyelibeba agizo hilo moyoni. Utotoni alikuwa akificha uso kwenye kitabu cha nyimbo kila mama yake alipofyatuka. Sasa, kwenye mazoezi ya Jumamosi, alimsikia mwalimu akihesabu, kama alivyokuwa akifanya kwa kila wimbo tangu mazishi, "Moja, mbili, tatu," kisha kwaya ikauingia ule wimbo alioupenda mama, wote pamoja, sawasawa, bila kosa. Mwalimu akafuta machozi. Msusi akanuna.

"Mwalimu, mmeimba vizuri. Ila huyo mnayemuimbia mimi simjui."

"Binti yangu, nataka kumpa mama yako heshima. Wimbo mmoja tu, uliokaa sawa."

"Mama lini alikaa sawa?"

Mama mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa akipanga maua pale mbele. "Mwache mwalimu wa watu apumzike, mwanangu. Kateseka vya kutosha. Hata jeneza la dada lilishuka kabla mchungaji hajafungua kitabu!"

Mwalimu hakucheka. "Kesho sihesabu. Mkono ukishuka, tunaimba. Siyo kabla."

Jumapili kanisa likajaa nguo za rangi. Kaka mkubwa, karani mwenye tai ya kubana, akasimama kusoma maisha ya mama. "Mama yetu alikuwa mpole," akaanza. "Mtu wa subira. Mnyamavu."

Watu wakakohoa kwa zamu.

"Anamsema nani huyu?" mama mdogo akamnong'oneza msusi, kwa ule mnong'ono wa ukoo wao unaofika mpaka mlangoni. "Au tumeingia kanisa siyo?"

Msusi akatabasamu, lakini tabasamu halikudumu. Aliona mama yake anafuliwa mbele ya macho yake, anasuuzwa, anapigwa pasi, rangi inatoka yote. Ibada hii ikiisha hivi, waumini watatoka wakimkumbuka mwanamke mwingine, mpole, aliyenyooka, ambaye hakuna aliyekula naye hata siku moja.

Kinanda kikaanza. Mwalimu akainua mkono. Kanisa likatulia. Mkono ukashuka, taratibu, kwa raha ya mtu aliyeisubiri siku hiyo maisha yake yote.

Kimya.

Hakuna aliyeimba. Kwaya nzima ilisimama midomo wazi, masikio yameelekea nyuma ya nguzo. Mpiga kinanda akarudia mwanzo. Mkono ukapanda, ukashuka. Kimya tena. Mwanakwaya mmoja akaanza kupepesa macho, karibu alie. Safari hii hata mwalimu mwenyewe aligeuza shingo kuitazama nguzo, akasahau kwamba ndiye anayeongoza.

Kinanda kikaanza mara ya tatu. Mkono ulikuwa bado unapanda pale sauti ilipolipuka kutoka benchi la familia, kavu, kubwa, mapema kupita kiasi. Msusi alikuwa amesimama, macho kafumba, bila kitabu chochote cha kujifichia.

Kwaya ikamrukia nyuma kama watu wanaodandia basi. Kanisa likalipuka kwa kicheko na makofi, na wimbo ukapaa humo humo, umepinda, umenoga. Mwalimu akabaki na mkono juu. Akautazama. Akaushusha mfukoni, akaanza kuimba na yeye.

Walipomaliza, mchungaji akainamisha kichwa kwa sala ya mwisho. Akamshukuru Mungu kwa uhai wa marehemu, akaomba faraja kwa wafiwa, akavuta pumzi ndefu, akaanza kuwaombea wasafiri.

"Amina!" akasema msusi.

Mchungaji akafungua jicho moja, likaenda moja kwa moja kwenye nguzo. Kisha akafunga Biblia.

"Amina," akasema, na watu wakatoka kwenda kula.