Akimana Nyuma ya Magunia

"...na hiyo habari ya uji usinirudishie tena, Mwamvua! Uji gani? Maji yamepitiwa na unga! Mtoto anarudi jioni ananyonya kama hajaona chakula siku mbili, leo unaniambia elfu mbili na mia tano?"

"Nilishasema tangu wiki jana, mama Akimana. Unga umepanda, kuni zimepanda, na yule binti aliyekuwa ananisaidia kaolewa huko Kumsenga. Watoto kumi na wawili, mikono miwili hii. Wewe ungeweza?"

"Mimi nachambua maharage, sichambui dhahabu!"

"Basi kachambue naye mgongoni."

Wamama waliokuja kushusha watoto wao wakacheka. Nadine, huyo mama Akimana, hakucheka. Mkononi alikuwa na elfu moja na mia tano, bei ya juzi hiyo, na hakuwa na nyingine. Mwamvua akaiangalia ile pesa, akatikisa kichwa, akapokea mtoto wa mtu mwingine. Kwisha.

Sasa msimtukane Mwamvua. Na yeye anakula. Ila piga hesabu wewe mwenyewe. Nadine Niyubahwe ana miaka ishirini na tatu, anachambua maharage kwenye ghala la tajiri mmoja hapa Kasulu mjini. Gunia moja, kilo mia, unatoa mawe, unatoa mabovu, unatoa yaliyotobolewa, unalipwa elfu mbili. Ukijikaza mpaka macho yatoe machozi unamaliza mawili. Toa za Mwamvua. Umebaki na elfu moja na mia tano, hapo hujala, hujanunua sabuni, na mwenye nyumba hajagonga mlango.

Akampigia mumewe. Pasikali yuko Kibondo, anabeba zege kwenye jengo la watu upande wa Busunzu.

"Mpeleke kwa mama yako Rungwe Mpya," Pasikali akasema.

"Mama yuko shambani tangu alfajiri, mgongo wenyewe umepinda. Na mtoto bado ananyonya. Maziwa nimtumie kwa simu?"

"Sasa mimi nifanyeje, Nadine? Fundi hajatulipa wiki ya pili hii."

"Basi. Kaendelee na zege lako."

Akakata. Alitaka kulia ila muda huo hakuwa nao. Jumamosi iliyopita hakwenda kazini, maana Mwamvua alifunga akaenda arusini, na Khatibu, msimamizi wa ghala, alishamtumia salamu: ukikosa tena usirudi. Pale getini kila asubuhi wanakaa wanawake na nyungo zao wanasubiri mmoja akosee. Na mtoto ghalani haruhusiwi. Tajiri alisema vumbi, alisema wanapoteza muda kunyonyesha, alisema hapa siyo zahanati.

Nadine akamfunga Akimana mgongoni, miezi kumi na minne, akajitanda kitenge kikubwa juu, akatangulia kufika. Akapita mlango wa nyuma ambako vijana wa kubeba magunia walikuwa bado wanapiga soga. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Wachambuaji wanakaa nje, chini ya paa la bati. Ndani ni magunia tu, yamepangwa mpaka juu. Kule pembeni kabisa kulikuwa na fungu moja limefunikwa turubai, na kati ya turubai na ukuta kuna nafasi ya kulaza mtoto. Baridi nzuri, giza zuri. Palinuka kidogo, kama kitunguu saumu kilichooza, lakini ghala gani halinuki? Akamnyonyesha haraka haraka mpaka akasinzia, akamlaza kwenye kitenge, akatoka na gunia lake kama wengine.

Hakumwambia mtu. Hata Immakulata, rafiki yake, anayekaa naye ungo kwa ungo. Siri ukiigawa pale, saa hiyo hiyo inamfikia Khatibu.

Alipomaliza nusu gunia, matiti yakaanza kuuma. Akainuka. Khatibu akamwita, "Wewe, njoo! Haya ndiyo maharage safi? Hili jiwe niuze mimi?" Akamrudisha aanze upya. Nadine akachambua, sikio liko ndani, anangoja kilio. Kilio hakuna. Akajiambia amelala tu, mwana wangu ana akili, kajua leo shida.

Khatibu alipoenda kupokea gari, Nadine akainuka tena.

"Unaenda wapi?" Immakulata akamuuliza.

"Ndani. Kitenge changu."

"Ndani wapi? Usisogelee kule kwenye turubai, sha, rafiki yangu. Jumamosi waliweka vile vidonge vya kuua wadudu, vinatoa hewa ya sumu. Tulitangaziwa wote, mpaka Alhamisi hakuna kusogea. Aa, kumbe wewe hukuwepo..."

Nadine hakungoja amalize. Ungo uliruka, maharage yakamwagika uwanja mzima. Akapita kwenye magunia anaanguka anainuka, "Mwana wanje! Mwanangu!", wanawake wote wakasimama.

Akimana alikuwa ametapika. Midomo imebadilika rangi, mwili wa baridi, anavuta pumzi moja, unasubiri, unasubiri, anavuta nyingine. Khatibu huyo huyo mwenye kelele ndiye aliyewasha pikipiki, akaipeleka kama kichaa mpaka hospitali, inaruka mashimoni, Nadine nyuma amemkumbatia mtoto anampulizia usoni.

"Kakaa huko muda gani?" nesi akauliza.

"Tangu asubuhi."

"Wewe ni mama wa namna gani?"

Nadine akamkabidhi nesi mtoto. Daktari akamwambia Nadine dawa ya kuondoa ile sumu hakuna. Ni hewa, ni maji ya mshipani, na kusubiri moyo wa mtoto uamue.

Leo siku ya tatu. Pasikali kafika kutoka Kibondo na saruji bado iko kwenye kucha, amekaa chini kwenye korido hamwangalii mkewe. Akimana anapumua kwa mashine. Jana alifungua macho, leo hajafungua. Kazini nafasi ya Nadine ilishachukuliwa siku ile ile, na huyo aliyeichukua naye ana mtoto anayenyonya, kamwacha sijui wapi.

Basi usiniambie pole. Wewe mwenye ghala, mwenye mashine ya kusaga, mwenye hoteli, toa chumba kimoja, weka mkeka, lipa mtu mmoja awalee watoto wa wanaokufanyia kazi. Kesho asubuhi, siyo mwakani. Na ninyi mnaofanya kazi kwake, msiingie mmoja mmoja. Simameni getini wote na watoto wenu mgongoni mpaka afungue hicho chumba.