Deshay Pettway na Dirisha la Uhamisho

Nilimfundisha Deshay Pettway hesabu hapa kwetu Alabama. Hakuwa mwepesi, lakini alinyoosha mkono na kukiri kwamba hajaelewa, jambo ambalo wenye akili wengi hawaliwezi. Alilelewa na bibi yake, Odessa.

Alipomaliza sekondari, vyuo kumi na kimoja vilimtaka awe mrushaji wao katika mpira wa Kimarekani, yule anayeongoza mashambulizi yote ya timu. Aliyekuja kula nyumbani kwao ni Garrison, kocha wa Chuo cha Harlan. Alimaliza kambare wa kukaanga, akaongeza mkate wa mahindi, kisha akasema, "Bi Odessa, kwangu atacheza miaka minne. Nafasi ni yake."

"Na akivunjika mguu?"

"Nitamngoja."

Msimu wa kwanza Harlan, iliyozoea kufungwa, ilishinda michezo tisa. Desemba dirisha la uhamisho likafunguliwa, siku chache ambazo mchezaji anaruhusiwa kuhama chuo, na simu za vyuo vikubwa zikaanza. Deshay akaenda kwa kocha wake.

"Kocha, nataka kusikia kwako. Kuna mrushaji mwingine unamleta?"

"Umeyatoa wapi? Kwa kinyozi?"

"Niangalie, Kocha."

"Nakuangalia. Hakuna mtu. Tangaza kwamba unabaki, wenzako watulie."

Akatangaza. Wachezaji wanne waliokuwa tayari kuhama wakabaki kwa ajili yake. Dirisha lilifungwa Ijumaa. Jumatatu Garrison akamtambulisha mrushaji kutoka Texas, jibaba la miaka ishirini na tatu, ambaye walikuwa wamekubaliana naye tangu kabla ya Krismasi.

Wapo wanaouita huo ujanja wa kazi. Mimi nauita uongo.

Msimu uliofuata Deshay alisimama pembeni ya uwanja, akimwonyesha yule mgeni ishara za mikono za kila shambulizi. Hakukosea hata moja. Bwaloni mmoja wa wale wanne alihamisha sahani yake. "Mlipanga wewe na Kocha," alimwambia. "Sisi ukatufanya mabwege."

Desemba, siku dirisha lilipofunguliwa, Deshay aliandikisha jina lake kwenye orodha ya wanaohama kabla ya kifungua kinywa. Garrison akapiga simu.

"Mwanangu, juzi nilikuuliza. Ukasema unabaki."

"Ndiyo, Kocha. Nilisema."

"Ukiniangalia machoni?"

"Nilikuangalia."

Bi Odessa aliponisimulia alicheka hadi akashika meza. Mimi nilishindwa kucheka naye.