Bibi, Godoro na Mbuzi wa Idi

Juzi nilirudi Nyamirambo kumsalimia shangazi, nikamkuta mwanawe mbele ya televisheni. Mechi kubwa ya Ulaya inachezwa, yeye anapiga miayo. Nikamuuliza, sha, mbona unasinzia? "Ah, dada, kwani iko siri? Wenye hela watashinda. Wako na nyota hadi kwenye benchi, hao wengine wanakuja kusindikiza." Dakika ya sabini haijafika, kazima televisheni. Nikacheka, halafu roho ikaniuma. Mchezo huo wa tajiri kuzoa wachezaji wote peke yake niliuona utotoni, mtaani hapa hapa. Na niliona ulivyovunjwa. Kaa nikusimulie.

Mwezi wa mfungo, kila alasiri, mitaa ilicheza mpira kwenye kiwanja cha udongo mwekundu kilichoinama kuelekea bondeni. Waislamu kwa Wakristo, wote walicheza. Zawadi ilikuwa mbuzi mmoja, na fainali ilichezwa siku ya Idi. Sheria ilikuwa moja tu: unauchezea mtaa unakolala. Mtaa ulioshinda ulichinja na kupika pilau kwenye lango la mpishi wake, na mitaa mingine yote ilikuja kula, lakini kila mtu na sahani yake mkononi kutoka kwao. Ile sahani, ndugu yangu, ilikuwa nzito! Unapita nayo njia nzima, watoto wa washindi wanakuimbia, "Karibuni, walioshindwa, karibuni!"

Mpishi wa mtaa wetu alikuwa bibi yangu. Akitwanga tangawizi na vitunguu saumu, jirani wa nyumba ya nne alijua leo kuna jambo. Zamani mbuzi aliishia langoni kwetu mara nyingi tu. Kisha akahamia mtaa wa juu mfanyabiashara wa mabati. Hakuwa mtu mbaya, wallahi. Alicheka sana na alitoa sana, ila alipenda kushinda kupita kiasi. Alijenga vyumba nyuma ya duka, akaweka vitanda, na kila mchezaji mzuri wa mji akaambiwa aje alale kwake. Basi sheria haikuvunjwa! Tulikaa barazani tukaona magodoro yakipita kwenye toroli. Likipita godoro, tulijua tumenyang'anywa mtu. Golikipa wetu alikwenda, beki wetu akamfuata. Miaka mitatu mfululizo tulibeba sahani, na miaka yote mitatu bibi alijifungia ndani. "Mimi nipeleke sahani kwa mtu? Bora nilale njaa."

Mwaka wa nne kifua kilimsumbua vibaya. Alikohoa hadi akashika ukuta. Siku moja akiwa anachambua mchele aliniambia taratibu, "Nataka kumpika yule mbuzi hapa langoni mara moja tu, halafu Mungu afanye apendavyo." Nilikuwa na miaka kumi. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia.

Tulibakiwa na kaka yangu peke yake, winga wa kushoto mwenye mbio. Tajiri alimletea viatu vipya na kumwahidi kazi ya ghala. Kaka alivitaka, nisiseme uongo. Nilimwona akivivaa na kuvivua mara tatu. Siku moja kabla ya mfungo vijana wawili wakaja na toroli kuchukua godoro. Bibi akatoka jikoni, mwiko mkononi, akaenda akajilaza juu ya godoro, chali. "Haya bebeni. Lakini mnibebe na mimi, na huko mtanipikia uji." Vijana wakatazamana. Kaka akaona aibu, akacheka, akawarudishia viatu. Mtaa mzima ukapiga vigelegele, na mimi nikamkumbatia kaka hadi akanisukuma.

Kocha wetu alikuwa fundi cherehani wa jirani. Timu yenyewe, yoo! Golini kinyozi, beki mwalimu wa madrasa, katikati muuza maandazi. Sijui tulifikaje fainali. Tulishinda kwa penalti, kwa bao la bahati, kwa mvua.

Sasa sikia alichofanya tajiri. Asubuhi ya Idi, kwa furaha tu, aliwaandalia vijana wake karamu: pilau, maini, chapati, soda. Siku thelathini wamefunga, matumbo yamesinyaa, wakala kama harusini. Fundi wetu aliwapa wachezaji wake tende na maji, akasema, "Leo Idi yenu inaanza baada ya filimbi ya mwisho." Bibi akakaa mlangoni pa jiko na mwiko wake, na hakuna aliyesogea.

Kipindi cha kwanza walitushambulia kama mvua. Kinyozi aliokoa kwa kifua, kwa goti, mara moja kwa uso. Kipindi cha pili ikawa zamu yao kupanda mlima, jua kali, pilau tumboni. Mmoja akashika kiuno. Mwingine akachuchumaa kando ya goli, akaomba maji. Dakika za mwisho kaka akapata mpira kushoto, akamkimbiza beki wao, aliyekuwa wetu, hadi yule akasimama akahema. Bao! Nilipiga kelele hadi sauti ikanipotea siku mbili.

Tulimpika mbuzi langoni kwetu. Tajiri alikuja na sahani yake, anacheka kwa haya. Bibi akampakulia mapaja mawili. "Kula polepole, mwanangu, leo ushashiba mara moja." Hata yeye alicheka mpaka machozi.

Leo kiwanja hakipo, kimejengwa ghorofa. Mfungo uliofuata godoro la kaka lilipita kwenye toroli kama mengine, maana hapakuwa na wa kulilalia. Tajiri alishinda, akashinda tena, hadi mitaa ikachoka kuleta timu. Akabaki na nyota wake wote, na hakuna wa kucheza nao. Mashindano yakafa hivyo, bila ugomvi, na ninapomwona mtoto wa shangazi akizima televisheni najua anakimbia nini.

Lakini bibi hakuyaona hayo. Alifariki miezi michache baada ya ile Idi, kitandani kwake, nasi tukiwa pembeni. Alifariki bingwa.