Mbandika Matangazo na Siku Thelathini

Mtaani tulimwita Gundi, naye aliitika. Hata dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kubandika matangazo. Asubuhi alikoroga unga na maji kwenye ndoo, akauchemsha, akachuja mabonge kwa kitambaa, kisha akatoka na brashi ya mpini mrefu na mkoba wa karatasi begani. Shati lake lilikakamaa kifuani kama boksi. Tulimtania kwamba akikaa karibu na jiko ataiva.

Mimi ni fundi viatu, jirani yao wa ukuta mmoja, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota barabarani.

Alikuwa na mkono mwepesi. Karatasi aliyoibandika yeye haikubaki na kiputo hata kimoja. Ila hakuwahi kusoma alichobandika. Kusoma alijua, lakini macho yake yalitafuta pembe nne zikae sawa, basi. Na kazi ile ina utaratibu wake. Ukuta mzuri ni ule wa zahanati, maana watu husimama pale kwenye foleni, na tangazo jipya hukaa juu ya la zamani. Ukishabandika unapiga picha kwa simu, unamtumia aliyekupa kazi, mmemalizana.

Siku moja manispaa ilimpa bunda la karatasi nyeupe zenye muhuri. Kufikia saa tatu asubuhi alikuwa ameshazibandika zote na kuzipiga picha. Alasiri duka la magodoro nalo likamletea mabango yake, makubwa, ya rangi. Akapita njia ileile, kuta zilezile.

Karatasi nyeupe zilisema kwamba mtaa wetu unaondolewa kwenye makazi na kufanywa eneo la maghala, na mwenye pingamizi aliandike ndani ya siku thelathini. Sisi tukasoma habari za magodoro. Nasema sisi kwa sababu hata mimi nilisimama pale zahanati, jino likiniuma, nikamtazama yule mwanamke wa kwenye bango alivyolala kwa raha zake, nikamwonea wivu.

Tulikuja kujua siku wapima ardhi walipoingia na vigingi vya chuma. Kigingi cha kwanza walikipiga uani kwa dada yake Gundi, katikati ya kamba za nguo. Yule mama ni dobi. Nyumba aliachiwa na mama yao, na ua ule ndio uliomlisha Gundi na kumsomesha. Siku thelathini zilikuwa zimepita kitambo.

Tukapiga kelele mpaka manispaa ikaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Akaja ofisa wa mipango miji, kijana mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale.

"Ndugu zangu, mlishirikishwa," akasema.

Ukumbi ukalipuka. Hakubishana na mtu. Alizima taa, akawasha mashine yake, na picha zikaanza kupita ukutani moja baada ya nyingine: zahanati, kituo cha basi, geti la shule. Kila karatasi imenyooka, pembe nne sawasawa. Kwenye picha ya mwisho kulionekana brashi ya mpini mrefu na mkono uliopakaa unga. Hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani.

Dada yake hakugeuza shingo. "Gundi, ile ni kazi yako?"

Gundi akasimama.

"Bwana ofisa, hizo karatasi hazikufika hata jioni," akasema. "Nilizifunika mwenyewe, siku hiyohiyo, kwa mabango ya magodoro. Watu hawakuziona. Nipo tayari kuandika na kutia saini."

Nilimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja. Mtu alikuwa amejivua nguo mbele ya mtaa mzima ili atuokoe, na baadhi yetu tukapiga makofi, tukijua sasa siku zitahesabiwa upya.

Ofisa alisubiri tutulie. "Nakushukuru kwa ukweli wako, mzee wangu. Lakini kanuni inataka tangazo libandikwe. Haisemi lilindwe." Akamgeukia karani wake. "Mwandike huyu. Mkazi amethibitisha mbele ya mkutano kwamba matangazo yalibandikwa."

Karani akaandika. Kalamu ile ningeweza kuitafuna.

Nje ya ukumbi hakuna aliyempisha njia. Mmoja alitema mate karibu na viatu vyake, viatu nilivyovishona mimi. Nami nikamwambia, "Umetuuza kwa magodoro, bwana." Nilijua si kweli. Tulipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa sote, yeye akiwa wa kwanza, lakini ofisa alikuwa ameshapanda gari na Gundi ndiye aliyekuwa karibu.

Mwezi uliofuata zikaja notisi za kuhama, za kubandikwa mlango kwa mlango. Manispaa ikampa Gundi yuleyule, eti ana mkono safi. Nilidhani atakataa. Alizichukua. Kila mlango alibisha hodi, akasubiri mwenye nyumba atoke, akamsomea tangu mwanzo mpaka mwisho, ndipo akapaka. Wengine walimtukana huku anasoma. Aliendelea kusoma.

Kwa dada yake alifika mwisho. Nilikuwa kizingitini kwangu, karatasi yangu bado mbichi mlangoni. Yule mama aliinuka kwenye beseni, povu mpaka viwikoni, akamsikiliza: wiki mbili, vitu vyote viwe vimetolewa.

"Kuna mahali wamesema tunaweza kupinga?"

Gundi akaipitia karatasi tena, taratibu, kwa kidole.

"Hakuna, dada."

"Basi bandika."

Akapaka gundi, lakini mkono ulimkataa, karatasi ikawa inateleza na kujikunja. Dada yake akasogea, akazishika pembe mbili za chini kwa vidole vyake vilivyolowa, akazibana pale mlangoni mpaka Gundi alipomaliza.