Posa ya Nuzhat na Shaba ya Haji Liyaqat

Murtaza Ansari huonja chumvi ya dukani kabla hajailipia. Sisi wauzaji wa vyombo vya upimaji ardhi hapa Roorkee humcheka, lakini kifaa kikitushinda tunampelekea yeye, fundi, akirekebishe. Anajua ujanja wa soko: shaba mpya huoshwa kwa ukwaju, ikafukiwa kwenye samadi, ikatoka na umri wa babu.

Sasa Haji Liyaqat, mwenye karakana ya kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, alileta posa ya mwanawe Faizan kwa Nuzhat, binti pekee wa Murtaza. Nuzhat alikuwa amekwisha kumpenda kijana, na baba alilijua hilo. Mimi nilikuwa mshenga.

Haji, Faizan akiwa ameketi nyuma yake, aliweka juu ya mkeka sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na chombo cha zamani cha kupimia mteremko: bapa la shaba lenye pimamaji, na mabawa mawili ya kusimama, moja la kuchungulia, la pili lenye namba.

"Cha marehemu babu yangu," alisema Haji. "Alikipandisha milima yote ya Garhwal."

"Babu yako alikuwa muuza maziwa," akasema Murtaza.

"Muuza maziwa hapandi mlima?"

Murtaza hakucheka. Alikigeuza, akafungua bapa la chini. Kila fundi wa hapa huchora alama yake ndani ya chombo alichokirekebisha, na hapo palikuwa na alama ya Murtaza mwenyewe.

"Unaona?" Haji akachangamka. "Kimepita mikononi mwako. Utakikataa?"

Murtaza alipitisha ukucha juu ya alama, polepole.

"Alama yangu naichonga kwa sindano, hukwaruza ukucha. Hii inateleza. Imetoka kwenye kalibu, Haji. Mmetoa kalibu kwenye chombo nilichokirekebisha, mkamimina shaba, mkasahau kwamba na alama yangu inanakiliwa."

Haji akanigeukia mimi. "Mshenga, mwambie mwenzako hapa ni posa, si mnada."

"Mnada una heshima zaidi," nikasema.

Murtaza hakumtazama Haji tena. "Faizan, nani alikisubu?"

"Mimi, mzee," kijana akajibu kabla baba yake hajameza mate. "Baba aliniagiza. Cha kweli kimo karakanani. Nilimwambia utajua."

"Mpumbavu wewe," Haji akanong'ona.

Murtaza akaligeukia pazia, ambako binti yake alikuwa akisikiliza. "Nuzhat, umesikia?"

"Nimesikia, baba. Huyu angalau akiulizwa anajibu."

Nikaona Murtaza akimpima kijana kwa macho, kama mtu anayetafuta kasoro na kuikosa.

"Posa nimeikubali," alisema mwishowe. "Kijana atafanya kazi kwenye meza yangu, mbele ya macho yangu. Na cha kweli kije kesho, kabla kadhi hajaja kufungisha ndoa."

Haji akashusha pumzi, akasogeza sinia la barfi, vile vitamu vya maziwa. Murtaza akachukua kipande, akakivunja katikati, akachungulia ndani, ndipo akala.